Jumapili Tatu za Fundi Sikio

Ukiambiwa kuna mzee wa miaka sitini na saba anayejifunza Kijapani, utacheka kwanza, ndipo uulize sababu. Na watu walicheka, tusidanganyane. Alicheka mwenye duka wa jirani. Akacheka dada yake mwenyewe, mwanamke asiye na dogo, akamwambia kuwa Kiswahili chenyewe anakitumia kwa kipimo, maneno kumi kwa siku, sasa hicho Kijapani atakipeleka wapi. Fundi hakumjibu. Dada mtu akawageukia waliokuwepo akawauliza kama wanaona alichokuwa anasema.

Ngoja nimweleze vizuri. Huyu ni fundi wa vyerehani. Si mshonaji, naomba usichanganye, maana hilo humuudhi: mshonaji hushona nguo, yeye hutengeneza mashine zinazoshona. Jina la Fundi Sikio watu walimpachika kwa tabia yake moja. Ukimpelekea cherehani mbovu, hafungui kitu. Anakuketisha, anakupa kipande cha kitambaa, anakuambia ushone. Wewe unashona, yeye analaza shavu juu ya meza, anafumba macho, anasikiliza. Ukianza kueleza kwamba inaruka mishono, sijui inakata uzi, anainua kidole unyamaze. Zikipita dakika mbili tatu anainuka na kuutaja ugonjwa, na hakosei. Sikio hilo ndilo lililomlisha miaka thelathini na tano, na ndilo lililomsomesha binti yake wa pekee.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi. Meza ya kazi imeegemezwa ukutani chini ya dirisha, kwa sababu soketi iko huko na mwanga nao uko huko. Pembeni kuna kabati la droo arobaini na mbili, ndogo ndogo, zenye sindano, skrubu, bobini, springi na mikanda. Katikati ya chumba, kikiitazama rafu ya vikopo, kuna kigoda chenye mto wa viraka. Hicho kilikuwa cha mkewe. Hapo ndipo alipoketi mama yule kupokea wateja, kuwauliza habari za watoto, kuwatania na kuwapigia domo hadi mtu anasahau alileta nini. Mke alikuwa mdomo, mume alikuwa sikio, na nyumba ilikwenda.

Binti yao alikwenda Japani kusoma, akaolewa hukohuko, akapata mtoto mmoja wa kike. Mwanzoni alimsemesha mtoto Kiswahili. Baadaye shule ikaingia, kazi ikaingia, uchovu ukaingia, na Kiswahili kikatoka. Mtoto akabaki na maneno mawili tu, Babu na Bibi. Bibi hakujali hata kidogo. Kila Jumapili asubuhi aliegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya mashine pale rafuni, akaketi kigodani, akaanza vituko: anajifunika uso kwa kitambaa, anajifunua, anaimba, anacheza akiwa amekaa, anaonyesha kijiko kana kwamba ndiyo mara ya kwanza duniani kijiko kuonekana. Mtoto kule anacheka mpaka anapaliwa. Saa nzima inakwisha bila neno moja la kueleweka. Fundi alikuwa mezani kwake na kazi yake, anawasikia, na moyo wake ulikuwa umetulia kabisa.

Kisha mke akafa. Aliugua siku nne tu, na kabla watu hawajakubali kuwa anaumwa, amekwenda. Huu ni mwaka wa pili.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, simu ililia. Fundi akaishika mkononi akiwa amesimama, akaona uso wa mjukuu wake. Mtoto akasema, "Babu." Fundi akasema, "Naam." Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Walitazamana mpaka binti akaja kuwaokoa, na Jumapili iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata. Mzee aliona aibu. Aliwaza kwamba huyu ndiye damu yake ya pekee inayokua, na hana hata neno moja la kumpa.

Ndiyo maana akapiga moyo konde akaenda darasani. Darasa lilikuwa la Jumamosi asubuhi, ghorofa ya pili juu ya duka la karatasi na kalamu. Viti kumi na viwili, ubao mmoja, na vijana saba wanaotaka kwenda ng'ambo kusoma au kufanya kazi. Mwalimu alikuwa binti mdogo kuliko bintiye, aliyewahi kuishi huko. Siku ya kwanza alidhani mzee amekuja kuangalia soketi, akamwonyesha ilipo. Mwaka mzima Fundi aliandika herufi zile kwa subira ya mtu aliyezoea kufungua skrubu zisizoonekana. Vijana wawili waliacha, mmoja akafeli mtihani, yeye akapanda daraja la kati. Ng'ombe hazeeki maini.

Lakini hakufika mbali kabla jambo halijamharakisha. Binti alipiga simu siku ya kazi, saa ambayo si kawaida yake, na Fundi akajua kuna neno.

"Baba, kuanzia mwezi ujao nimepangiwa zamu ya Jumapili," alisema. "Mtoto akiweza kukaa na wewe kwenye simu bila mimi, nitawaachia simu yenu. Asipoweza, basi tena, tutakuwa tunaandikiana. Na nisikufiche Baba, siku hizi hata kuitwa hataki."

Fundi akauliza kwani babake mtoto hatakuwepo. Binti akasema atakuwepo, ila naye ni bubu mwingine kama wewe, mtakaa watatu mnatazamana. Alisema kwa utani, lakini sauti yake ilikuwa imechoka. Zilibaki Jumapili tatu.

Jumamosi ile, kana kwamba mwalimu alikuwa ameambiwa, somo lilikuwa la to ieba. Alilieleza hivi: unakitaja kitu, unakifungia to ieba kwa nyuma, halafu unasema kile kinachokujia kwanza kichwani. Ni sawa na mtu kusema, ukinitajia fulani, mimi nakumbuka fulani. Ame ni mvua, kasa ni mwavuli: ame to ieba, kasa. Ukitaja mvua, basi mwavuli. Akawazungusha darasa zima. Kijana mmoja akasema kuwa akitajiwa Jumatatu anakumbuka usingizi, wakacheka. Mwingine akasema kuwa akitajiwa Japani anakumbuka baridi, na hajawahi kufika. Mwalimu akamgeukia mzee, akamtajia nyumbani.

 Fundi akatoa neno la Kijapani la ukimya, kwa matamshi safi. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alifuta ubao ingawa haukuwa na kitu cha kufuta.

Lakini mzee alitoka pale ana furaha, maana aliona amepata ufunguo. Kumbe si lazima uwe na hadithi ndefu. Unataja kitu, unataja kingine, tayari mna maongezi. Mchana uleule alibandika karatasi kwenye droo zake zote arobaini na mbili. Droo ya sindano: hari to ieba, ito, ukitaja sindano basi uzi. Droo ya mafuta, droo ya mikanda, droo ya bobini, kila moja na sentensi yake. Akifungua droo lazima asome. Mteja mmoja alisikia mzee anaongea peke yake kwa lugha isiyojulikana akarudi nje taratibu, akaenda kumwambia mwenye duka kuwa upweke umemzidi Fundi. Na kusema kweli hakukosea sana.

Jumapili ya kwanza Fundi alivaa shati lililopigwa pasi. Daftari alilificha nyuma ya simu. Mtoto alipotokea, alimwamkia vizuri, akameza mate, akaanza. Ukitaja sindano, uzi. Ukitaja mafuta, mashine. Ukitaja gurudumu, mkanda. Sentensi kumi na moja, hakukosea hata moja, na kila akimaliza moja alijipongeza moyoni akaivamia nyingine. Mtoto alimtazama kwa sentensi mbili. Ya tatu akatazama chini. Ya tano akaanza kuvuta mkono wa mamake.

"Baba, unamhubiria mtoto," binti alisema.

Fundi akafunga daftari. Aliambiwa Kijapani chake ni kizuri sana, nao wote watatu walijua kwamba hilo si jibu la alichokuwa anatafuta.

Jumamosi akamlalamikia mwalimu baada ya kipindi. Mwalimu alimsikiliza, akamwambia kuwa to ieba ina kazi ya pili, tena ndiyo inayotumika zaidi katika maongezi. Mwenzio akitaja jambo, wewe unalidaka na kulipeleka mbele. Kwa hiyo anayeanza si wewe, ni mwenzio. Fundi akauliza, na mwenzio asipotaja kitu je? Mwalimu akacheka kwa huzuni, akasema yeye alifundishwa sarufi, wajukuu hakufundishwa.

Jumapili ya pili mtoto hakuja kabisa. Binti alisema ana kazi ya shule, na nyuma yake ikasikika katuni. Walizungumza wenyewe wawili kuhusu hali ya hewa na bei ya viatu. Simu ilipokatika, Fundi alikaa na simu mkononi hadi kioo kikazima chenyewe. Siku ile hakupika. Alisimama mlangoni akatazama watu wakipita na watoto wao, akarudi ndani, akapangua droo ya skrubu iliyokuwa imepangika. Chumba kilikuwa na mashine sita, na hakuna hata moja iliyokuwa na la kumwambia.

Jumatano alikuja mshonaji wa mtaa wa pili na mashine yake, mama mnene mchangamfu, rafiki wa marehemu. Kabla hajaweka mzigo chini, ameshaanza: imeanza juzi, inakwama, nadhani ni sindano, au ni ule uzi wa bei rahisi, au ni binti yangu kaichezea. Fundi akainua kidole. Akamketisha, akampa kitambaa, akalaza shavu mezani. Mama akashona. Akashona mshono mmoja, miwili, na Fundi akasikia ndoano ya kudakia uzi inagonga mahali pasipostahili. Akainuka.

"Mbona mimi huniachi niseme?" mama alimuuliza, kama anavyouliza kila mara.

"Ukisema wewe, siisikii yenyewe," Fundi akajibu, kama anavyojibu kila mara.

Na maneno yake mwenyewe yakamrudia. Alibaki ameshika bisibisi. Miaka thelathini na tano hajawahi kufungua mashine kabla ya kuisikiliza, lakini amemfungua mjukuu wake kwa sentensi kumi na moja za sindano na mafuta. Mzee mzima ovyo. Mama akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, na mashine ya mama ikakamilika siku hiyohiyo, jambo ambalo halijapata kutokea. Jioni alizibandua karatasi zote kwenye droo.

Jumapili ya tatu ikafika. Hakuvaa shati la pasi, alisahau. Simu ililia, akaipokea amesimama katikati ya chumba kama kawaida. Binti alikuwa amevaa koti, kwani siku hiyo alikuwa anakwenda kuonyeshwa kazi ya zamu mpya. Alimkalisha mtoto mbele ya simu, akasimama mlangoni na mkoba begani. Mtoto alikuwa amenuna. Mkononi alikuwa na penseli.

"Babu," mtoto akasema.

"Naam," Fundi akasema. Halafu akavuta pumzi. "Bibi to ieba?"

Akaishia hapo. Hakumalizia. Ukinitajia Bibi, unakumbuka nini? Akanyamaza kabisa, akafumba macho kwa mazoea.

 Binti alitaka kumsaidia mtoto, na Fundi, macho yamefumbwa hivyohivyo, akainua kidole. Kisha akasikia sauti ndogo ikisema neno la Kijapani la kicheko. Na kijiko. Na kitambaa cha rangi ya chungwa. Mtoto akaendelea, mengine Fundi hakuyaelewa, lakini aliyapokea yote bila kukatiza. Jamani, mtoto alikuwa anayakumbuka yote. Miaka miwili ameyabeba na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kila mkubwa alidhani ni mdogo mno kuwa na huzuni ya kwake.

Fundi akafumbua macho. Kichwa kilikuwa chepesi kwa furaha, na hapo ndipo mtu huuliza lile asilolipimia jibu.

"Babu to ieba?"

Mtoto hakufikiri hata kidogo.

"Senaka," akasema.

Neno hilo Fundi hakuwa nalo. Alipekua daftari kwa mkono mmoja, halikuwemo. Akamwomba mtoto arudie, akarudia. Mzee akatikisa kichwa kuonyesha haelewi. Basi mtoto akateremka kwenye kiti, akaipa simu mgongo, akainama, akakunja mabega, na mkono wake wa kulia ukaanza kuzungusha gurudumu lisilokuwepo, polepole, huku kichwa kimeinamia upande mmoja. Aliigiza vizuri mno. Fundi alimwona fundi wa vyerehani, akaelewa: senaka ni mgongo.

Mtoto akarudi, akainua daftari la kuchorea. Alikuwa amechora ukurasa zamani kidogo, karatasi ilikuwa imekunjamana. Mbele kulikuwa na Bibi, mdomo wazi, meno yote nje. Nyuma yake, shati la kahawia lililoinama. Shati tu. Halikuwa na kichwa wala uso.

"Kao?" Fundi akauliza. Uso je?

Mtoto akainua mabega. Hajui. Hakuwahi kuuona.

Sasa tuseme ukweli, mtoto hakuwa na ubaya wowote. Alisema kilichomjia kwanza kichwani, kama alivyoulizwa. Jumapili zote zile mzee aliyekuwa anajiona yupo, anawasikia, moyo umetulia, kule ng'ambo alikuwa shati. Ilimchoma. 

Mtoto akafungua ukurasa mpya, akaonyesha kwa penseli: si hapo, si kusimama. Weka simu mahali pa Bibi, akasema, na hilo Fundi alilielewa neno kwa neno. Akaiegemeza simu kwenye kopo la mafuta. Kisha akageuka akakitazama kile kigoda. Tangu siku ile hakuna aliyekikalia, wateja aliwaletea kiti kingine, mwenyewe alikuwa anakizunguka. Akakaa. Mto ulikuwa umejikunja kwa umbo la marehemu.

Pembeni mwa kioo cha simu kulikuwa na kile kipicha kidogo kinachomwonyesha mtu jinsi anavyoonekana. Fundi hakuwahi kukitilia maanani. Akajiona: mzee mwenye mvi ambazo hazijachanwa. Nyuma yake, ndani ya kipicha hicho, ikaonekana meza ya kazi, dirisha, na kiti chake kitupu. Akakitazama kile kiti muda mrefu. Mkewe alikaa hapahapa, akakitazama kipicha hikihiki, kila Jumapili, miaka sita. Uso wake mwenyewe unaocheka, na nyuma yake mgongo wa mume. Hakuwahi kumwambia ageuke. Labda alimwambia, na yeye akainua kidole.

Alitaka kuinuka. Mtoto akamwona.

"Ugokanaide," akasema kwa ukali, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, penseli inakwenda. Usisogee.

Kule nyuma binti alisimama kidogo mlangoni, akawatazama, akaweka mkoba sawa begani. Akatoka na kuufunga mlango taratibu, bila kuaga. Babu na mjukuu wakabaki wenyewe. Penseli ilisikika ikikwaruza karatasi, na Fundi Sikio akaisikiliza. Machozi yalipomjaa hakuyafuta, maana alikuwa ameambiwa asisogee.